Ushuhuda Uliotangulia Mtihani

Ulikuwepo. Usiniambie ulikuwa nje unatafuta pa kuegesha gari. Siku Gervais aliposhika maikrofoni pale Barking, London, kwenye ukumbi wa shule tunaoukodi kusalia, akatangaza kwamba mchumba wake Laurette "ameshapita, ameshaingia udaktari, kwa jina la Yesu," wewe ulipiga makofi mpaka viganja vikawaka. Mtihani wenyewe ulikuwa bado! Na Laurette alipoacha kuonekana kanisani, ukageuza shingo ukaangalia kwingine. Mimi huwa sisahau. Namkumbuka Exaucé, tuliyemwita wakili kabla hajakaa kwenye mtihani. Alipoanguka akahamia Leeds, na hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza kaenda wapi.

Kwa hiyo leo utasikiliza.

Ilikuwa Jumamosi ya Oktoba, jikoni kwa mama yake Laurette, Thornton Heath. Laurette anakaanga makemba, yale mandizi makubwa. Gervais amekaa mezani mbele ya kompyuta iliyo wazi, kama mtu anayelinda benki.

— Bonyeza tu, chérie, mpenzi wangu. Fomu ya vyuo umeshaijaza yote.

— Sibonyezi.

— Jumatano wanafunga mlango! Masomo mengine yanangoja mpaka Januari, lakini udaktari hauna huruma.

— Najua. Na alama zangu unazijua.

Alizijua. Mtihani wa kuingilia udaktari unafanyika kwenye kompyuta, kati ya Julai na Septemba, kila mtu mara moja tu kwa mwaka, na kabla hujatoka mlangoni alama zako unazo. Laurette aliufanya mwisho wa Agosti, akitoka kwenye zamu za kutunza wazee, na alama zake zikaangukia chini ya kiwango cha kila chuo alichokitaka.

— Mungu atawafumba macho wasizione, alisema Gervais.

— Zinachujwa na kompyuta. Mungu ataifumba macho kompyuta?

— Usicheze na imani, Laurette.

— Sichezi. Nikituma sasa na alama hizi, vyuo vyote vinanikataa. Nikitulia, Julai narudia mtihani, halafu natuma nikiwa na kitu mkononi. Ni mwaka mmoja tu.

— Mwaka mmoja! Na watu nitawaambia nini?

Laurette alishusha kijiko taratibu.

— Kumbe ndipo panapouma.

— Si hivyo...

— Ni hivyo hivyo. Unajua Jumapili zangu zilivyokuwa? Akina mama wananipangia foleni. "Munganga, niangalie mguu! Munganga, hizi dawa zangu za presha!"

Munganga ndiye daktari, kwa watu wa kwao Bukavu, Kivu, kule Kongo.

— Mama Vaileth alinifunulia mgongo chooni, Gervais. Chooni!

— Ukamwambia nini?

— Nimwambie nini? Nilimwambia aende kwa daktari!

Gervais aliangua kicheko. Alipoona anacheka peke yake, akakimeza.

— Sikukutangaza ili nikuumize. Nilikuwa najivuna tu. Mtu ana mchumba kama wewe, atanyamazaje?

— Basi rudi ukaishike ile maikrofoni. Waambie ukweli.

— Ushuhuda haurudishwi, haijawahi kutokea! Nitaonekana mwongo mbele ya kanisa zima.

— Na mimi nionekane mjinga mbele ya vyuo vyote, ili wewe uonekane nabii?

Gervais aliifunga kompyuta.

— Mpaka siku utakayowaambia, usikanyage hapa. Hata harusi ya mwakani, iache kwanza.

Gervais aliondoka bila kugusa makemba. Mwanaume wa Bukavu akiacha makemba ya moto, ujue ameumia.

Jioni Maman Anne, mama yake Laurette, alirudi kutoka kufanya usafi maofisini. Kabla hajavua koti akaliona sinia la makemba.

— Gervais hakula? Anaumwa?

— Nimemfukuza, Maman.

Akamweleza yote: alama, Jumatano, Julai. Maman Anne alikaa akavua viatu, kimoja, halafu kingine.

— Yaani unataka kurudia.

— Ndiyo. Lakini najua utaaibika. Bukavu nzima umeshaipigia simu kwamba nimepita.

— Niliipiga mimi, nitaipiga tena mimi. Sikiliza, mtoto. Siku niliyokuzaa hospitalini, muuguzi alinipa Laurette. Hakuniletea munganga amefungwa kwenye blanketi.

Kwenye kochi, Shekinah, mdogo wake Laurette, mzaliwa wa hapa hapa London, akainua kichwa, akayasifu maneno hayo kwa Kiingereza chake.

— Mum, that's actually beautiful.

— Wewe nenda kaoshe vyombo.

Jumatano ikafika. Laurette alikuwa kazini, anamlisha uji mzee mmoja, simu ikatetemeka mfukoni: Gervais.

"Leo ndiyo mwisho. Umetuma?"

"Hapana."

"Sawa."

Akadhani yameishia hapo. Mzee alipomaliza uji, simu ikatetemeka tena.

"Nikuulize kitu. Kama ningekuombea kimya kimya badala ya kukutangaza, ungelala usingizi kabla ya mtihani?"

Laurette aliusoma ujumbe huo amesimama na bakuli mkononi. Zikamrudia siku zile za Agosti: kila akifumba macho anasikia makofi, kila akifungua kitabu anaona nyuso za watu wanaomngoja apite. Akaandika neno moja.

"Ningelala."

Na wewe uliyepiga yale makofi, neno hilo lilikuwa lako pia.

Jumapili mchana Laurette anapiga pasi sare yake ya kazi, simu ikalia. Jina la Gervais. Nusura aiache.

— Usikate, alinong'ona Gervais. Usiseme kitu. Naiweka mfukoni.

Zikasikika nguo zikisuguana, halafu ngoma, halafu sauti anayoijua kila mtu wa Barking, Pasta Jotham.

— Ndugu Gervais ana neno. Amina?

— Aminaaa!

— Wapendwa, mwezi wa nane nilisimama hapa nikasema Mungu ameniambia Laurette amepita. Mungu hakuniambia. Nilijiambia mwenyewe.

Ukumbi ulinyamaza mpaka Laurette akasikia mtoto anaomba biskuti.

— Alama hazikutosha, aliendelea Gervais. Na mimi, ili nisiumbuke, nikamsukuma atume maombi hivyo hivyo. Amekataa. Atarudia Julai. Makosa si yake. Mtu gani anaweza kufanya mtihani huku kanisa zima limempanda mgongoni?

— Ndugu, alisema Pasta polepole, maji yakimwagika hayazoleki.

— Hayazoleki, Papa Pasta, lakini sakafu inafutwa. Nusu yetu humu ndani tunafuta sakafu za watu. Hilo tunalijua.

Mtu mmoja akacheka, halafu wengine. Sauti kali ya mwanamke ikapenya.

— Ngoja kwanza! Kwa hiyo yule binti si munganga? Na mgongo wangu?

— Alikwambia nini, Mama Vaileth? aliuliza Gervais.

— Niende kwa daktari.

— Ulienda?

— ... Bado.

Hapo ukumbi ukalipuka. Laurette naye alijibana mdomo kwa mkono, mabega yanaruka. Kicheko hakijaisha, ikasikika sauti nzito kutoka viti vya nyuma. Ni Papa Baudouin, shemasi, mtu ambaye hata pumzi zake zina heshima.

— Na mimi niseme. Mtihani wa uraia nimeanguka mara mbili. Mlinifanyia sherehe ya kupita. Keki yenu niliila.

— Papa Baudouin!

— Niliila, na ilikuwa tamu.

Akafuata mama wa kozi ya Kiingereza. Akafuata kijana wa uhasibu. Wakawa wanasimama bila kuitwa, kila mmoja na mtihani wake aliouficha, mpaka Pasta akapiga kelele:

— Mmoja mmoja, wapendwa! Mmoja mmoja! Haya, na mimi basi. Leseni ya gari. Mnadhani ni kwa nini mke wangu ndiye anayeendesha?

Laurette alizima pasi, akakaa sakafuni, akalia na kucheka kwa pamoja.

Gervais alifika Thornton Heath jioni, treni na mabasi yamemchosha, akagonga kama mgeni.

— Umesikia?

— Mpaka biskuti ya mtoto nimesikia.

— Nimeonekana mwongo.

— Umeonekana mwanaume. Ingia, baridi.

Hakuingia. Alibaki kizingitini.

— Nilichokiita Mungu kilikuwa majivuno yangu, Laurette. Nisamehe.

— Nimekusamehe tangu ile meseji ya Jumatano. Lakini nakuonya, mwaka huu nitakuwa mkali. Sherehe za watu siendi. Kupika sipiki.

— Nitapika mimi.

— Basi Mungu atuhurumie.

Na alipika. Vibaya, lakini alipika. Kila alipomaliza kusambaza bidhaa za supamaketi kwa gari la kazi, alikaa mezani na saa mkononi, Laurette anapambana na maswali.

— Muda umekwisha!

— Bado, Gervais!

— Umekwisha, chérie. Kompyuta haina mchumba.

Mama Vaileth, aliyekwenda kwa daktari hatimaye, alileta wali na maharage mara kwa mara. Akibisha hodi anasema, "Sikai, sikai," na kweli hakai. Hakuna aliyemwita Laurette munganga tena. Walimwita Laurette. Naye akalala usingizi.

Julai, nje ya kituo cha mtihani, Gervais alingoja ameegemea ukuta. Laurette akatoka na karatasi, uso hausomeki.

— Usiseme mpaka uwe tayari, alisema Gervais.

— Soma mwenyewe.

Alisoma. Alama zilikuwa juu ya kiwango cha kila chuo alichokitaka. Akavuta pumzi ya kupigia kelele, na Laurette akamziba mdomo kwa kiganja.

— Hata kwa Maman nisitangaze?

— Kwa Maman ndiyo. Maikrofoni hapana.

Walioana Agosti, ukumbi ule ule. Mshereheshaji aliinama akamuuliza Gervais amtambulishe bibi harusi kwa cheo gani, na Gervais, anameremeta kwenye suti, akajibu bila kusita:

— Sema mke wangu Laurette, anayetunza wazee, anayeomba udaktari.

Watu wakashangilia kwa nguvu kuliko ile siku ya ushuhuda. Septemba, kabla mlango haujakaribia kufungwa, Laurette alikaa jikoni akabonyeza mwenyewe. Gervais alikuwa anaunguza vitunguu, hata hakugeuka.

Sasa wewe. Kuna kijana uliyemvika cheo kabla ya mtihani, naye leo anapita njia ya nyuma asikutane na macho yako. Unamjua jina. Usimtumie aya ya Biblia, na usimuulize matokeo. Mpigie umwambie: "Najua ulianguka. Rudia. Jumamosi nitakulindia watoto usome." Kisha Jumapili uiombe maikrofoni, useme mtihani ulioanguka wewe mwenyewe. Mitihani inarudiwa kila mwaka, na nafasi zinajaa wakati sisi tunaoneana haya. Namba yake unayo. Piga sasa hivi.