Uzito wa Kiti cha Nyuma

Jioni ile Muhindo alikuwa anaenda kuchukua motokari yake kwa fundi, basi. Hakuna la ajabu hapo. Alipita njia za ndani za mtaa wa Ruashi kwa miguu, kofia imeshuka usoni, akikwepa barabara kubwa. Basoda, askari wa serikali iliyokuwa inaanguka, walikuwa wanaukimbia mji, na mtu anayekimbia na bunduki hapendi kutembea. Walichukua kila kitu chenye magurudumu. Malori ya Muhindo, yale ya kubebea unga, walishayachukua wiki iliyopita na kumwachia kofi la shavu kama risiti.

Sasa alibaki na Benzi ya zamani ambayo hata mwizi angeicheka. Na ndani ya nyumba alibaki na mkewe, Dorcelle, mimba yake imefika mwisho.

Mtoto wao wa kwanza alikufa tumboni kwa kukosa daktari. Hospitali ya jirani ilikuwa imeporwa mpaka vitanda. Muhindo aliapa kwamba huyu wa pili atazaliwa ng'ambo ya mpaka, kule Zambia, mbele ya mkunga mwenye taa. Hakumwomba Mungu kitu kingine mwaka ule, wala malori hakuyataja.

Benzi yenyewe aliinunua kwa Mama Perpétue wa Naviundu, mwanamke mkimya wa rozari, ambaye marehemu baba yake alikuwa mkubwa kwenye migodi. Motokari ya wakubwa kweli. Haikukaa juu ya resori, springi za chuma, kama motokari za watu wote. Ilikaa juu ya mipira minne ya hewa, pompe ya kwenye moteri inaijaza, na wewe unaelea barabarani. Lakini muda si mrefu baada ya kuinunua mipira ilipasuka kwa uzee, na Benzi ililala chini kama ng'ombe anayecheua. Mipira mipya utaitoa wapi, mji unakimbiwa? Ndiyo maana fundi Symphorien alisema atang'oa mambo yote ya hewa, achomelee vikombe vya chuma, avalishe resori za Benzi nyingine iliyokufa.

Muhindo alimkuta Symphorien amekaa juu ya ndoo, mbali na motokari, anavuta sigara.

Symphorien havuti sigara.

"Imemalizika?" Muhindo akauliza.

"Imemalizika, patron. Angalia mwenyewe."

Giza lilikuwa linaingia. Benzi ilisimama juu ya miguu yake mipya, mbele imenyooka vizuri. Muhindo akazunguka nyuma. Upande wa kushoto ulikuwa juu. Upande wa kulia ulikuwa umezama, tairi imekaribia kugusa fenda, bati la juu ya tairi, lililowahi kugongwa zamani.

"Ile resori imechoka," Muhindo alisema.

"Nilifikiri vile. Ya kuume nikaipeleka kushoto, ya kushoto nikaileta kuume." Symphorien akaonyesha ule upande uliozama. "Iko palepale."

"Labda ulichomelea vibaya."

"Patron, sikia. Ikiwa ku kiriki, imenyanyuliwa, tairi ziko juu, resori zote mbili ziko sawa. Nikiishusha chini... kuna muntu anaikala ku kiti."

"Nani?"

Symphorien aliinuka, akafungua mlango wa nyuma wa kulia, akarudi haraka pale alipotoka. Harufu ikatoka. Naftalini. Marashi ya kizee. Na chini yake, dawa ile wanayowawekea maiti wasioze njiani. Kiti kilikuwa kitupu. Lakini ngozi yake ilikuwa imebonyea katikati, na mbonyeo huo haukuinuka.

Muhindo alikuwa shemasi kanisani kwao. Kule Butembo alikozaliwa aliyasikia mengi ya wafu na akayakataa yote. Akanyoosha mkono juu ya kile kiti ili amwonyeshe fundi ujinga wake.

Baridi. Mkono wote, mpaka kwenye kiwiko.

"Ilikuwa sawa siku nilinunua," akanong'ona. "Kwa nini hatukuona?"

"Zamani ilikuwa hewa." Symphorien naye alikuwa ananong'ona. "Muntu akiikala, pompe inaongeza hewa pale iko muzito, motokari inarudia sawa. Hewa inaficha, patron. Resori haijue kuficha." Akaitupa sigara. "Huyu hakuingia leo. Alikuwa mule tangu zamani."

Ngooo...

Ngozi ya kiti ililia, kama mtu mzima anayejiweka sawa.

Sasa wewe ungefanya nini? Ungekimbia, na hata mimi ningekimbia. Lakini Muhindo alimfikiria Dorcelle peke yake nyumbani, na bunduki zilikuwa zimeanza kulia upande wa mjini. Alifunga mlango ule taratibu, akachukua ufunguo, akaendesha.

Kila shimo la njia tairi ya kulia ilisugua fenda. Krrr... krrr... Alipofika kwake moshi wa mpira ulikuwa unanuka. Dorcelle alitoka akijishika kiuno, akaingia nyuma kwa mlango wa kushoto, kwa sababu ndio uliokuwa karibu naye. Motokari haikumfurahia wala kumkataa. Ila yeye alijibana kwenye mlango, akaacha nafasi kubwa katikati, kama mtu aliyekaa karibu na mgeni.

"Papa Muhindo," akasema, "tuko tunabeba muntu mwingine?"

"Ni mizigo, mama. Pumzika."

"Iko baridi ku hii upande."

Muhindo aliogopa, na alijua kwamba ameogopa. Isitoshe alikuwa dereva wa siku nyingi, na alijua tairi ile itapasuka kabla hawajafika hata nusu ya safari ya mpakani Kasumbalesa. Watabaki porini, mkewe na uchungu wake. Uzito ule lazima ushuke. Na mtu pekee aliyeweza kujua uzito huo ni wa nani alikuwa aliyewauzia.

Akageuza kuelekea Naviundu.

Mama Perpétue alitoka hadi kwenye lango bila taa. Macho yake yalienda moja kwa moja kwenye ule upande uliozama. Akashikilia ukuta.

"Papa," akanong'ona. "Papa, njo wewe, ni wewe?"

"Mama, niambie yote," Muhindo alisema. "Bibi yangu iko na uchungu."

Alimwambia pale pale langoni, kwa haraka, sauti ya chini. Baba yake alifia Kolwezi katika siku zile za uporaji mkubwa, miaka michache iliyopita. Motokari ya kubebea maiti haikupatikana, na basoda kwenye vizuizi walikuwa wanafungua kila sanduku. Familia ikamvalisha mzee suti, kofia na miwani myeusi. Wakamkalisha ndani ya Benzi hii hii, nyuma, kulia, kama mkubwa anayekwenda kazini. Basoda wakampigia saluti.

"Kwetu mufu anaongeleshwa njia yote," Perpétue alisema. "Asipoambiwa, anabakia nyuma. Mimi njo nilikuwa naongea naye. Papa, tunavuka Lualaba. Papa, hii ni muto Lufira. Papa, tunaingia mu muji. Tukafika hapa, masasi ya basoda ikaanza kulia. Tulimutoa mbio mbio, tukamuzika. Lakini..."

Akaigusa rozari yake.

"Lakini nini?"

"Hakuna muntu alimuambia tumefika."

Mle ndani ya motokari Dorcelle alitoa mlio mdogo, akauma kitambaa.

"Mwambie sasa," Muhindo alisema.

"Bibi yako ashuke kwanza. Na wewe usikuwe karibu. Mufu akishushwa, muzima habakie mule ndani. Hata kuku."

Muhindo alitazama nyuma. Dorcelle alikuwa amejikunja kitini, jasho linamtoka, hawezi kunyoosha mguu. Na mwisho wa barabara taa za lori zilikuwa zimetokea. Kelele za basoda, mlango wa mtu unavunjwa. Kumshusha, kumsubirisha, kumpandisha tena... Mawazoni aliona motokari inachukuliwa. Aliona mtoto wa kwanza, amefungwa katika kitambaa.

"Hawezi kushuka. Mwambie hivi hivi."

"Papa Muhindo, haifanyike vile."

"Mwambie, mama. Nakuomba."

Perpétue alifungua mlango wa kulia. Akapiga magoti kwenye vumbi, akatanguliza mkono, kama mtoto anayemsaidia mzee kushuka.

"Papa. Tumefika ku nyumba. Shuka."

Hakuna kilichotikisika.

Mbwa wa jirani waliokuwa wanawabwekea basoda wakanyamaza.

Kisha resori ya kulia ikalia. Iii... iii... Upande ule ukaanza kupanda polepole, mpaka tairi ikaachana na fenda na motokari ikasimama sawa. Ngozi ya kiti ikajaa. Ile harufu ikapungua. Muhindo alihisi machozi yanamtoka bila aibu.

Perpétue alikuwa bado amenyoosha mkono.

"Hakushika," akasema. Akautazama mkono wake, akaangalia vumbi mbele ya mlango. "Papa Muhindo, hakupita hapa..."

Lakini Muhindo alishaufunga ule mlango na kukimbilia usukani. Taa za lori zilikuwa zimewafikia. Alikata kona ya mtoni, akapita nyuma ya majumba, akatoka mjini bila kuwasha taa.

Tairi haikusugua tena. Njia yote kimya kizuri. Aliimba wimbo wa kanisani kwa sauti mbaya, na Dorcelle alisema uchungu umetulia na baridi imekwisha. Alisema anasikia joto, kama amekumbatiwa. Mpakani hapakuwa na mtu wa kuwasimamisha, wote walikuwa wamekimbia. Muhindo aliposhuka kuinua kizuizi, aliona nyuma upande wa kushoto, alipokaa Dorcelle, pameshuka kidogo. Alijiambia ni mimba, na mabegi. Kuna vitu mtu anajiambia ili afike.

Walipata zahanati ya masista, taa inawaka. Mkunga alikuwa na mikono minene na maneno machache. Kulipopambazuka mtoto akalia.

Mzima. Mwanaume. Dorcelle alicheka, akambusu mara moja, akalala palepale kwa uchovu.

Muhindo alimpokea mtoto wake. Alikuwa mwepesi kama mkate, amefungwa katika shuka safi, ana nywele nyingi na vidole vyote. Muhindo alimwambia jina la Mungu, akamwambia pole kwa safari, akamwambia mambo mengine ya kipumbavu ambayo baba husema. Sijui kama duniani kulikuwa na mtu mwenye furaha kumzidi asubuhi ile.

"Mlaze kwa mama yake," mkunga alisema, akatoka kunawa mikono.

Kitanda kilikuwa cha chuma, cha zamani, chenye resori chini ya godoro. Muhindo akainama, akamweka mtoto pembeni ya Dorcelle, akaondoa mikono.

Ngooo...

Kitanda kililia. Upande wa mtoto ukazama.

Muhindo akamchukua mtoto tena. Mwepesi, mwepesi kabisa, na kitanda kikapanda mpaka kikanyooka. Akakaa hivyo akimpakata, akitazama mlango, akimngojea mkunga arudi aseme ni kitanda kibovu. Mkunga hakurudi. Akajiambia mwenyewe ni kitanda tu.

Akamlaza tena, taratibu sana.

Resori zikazama moja baada ya nyingine, mpaka zikagusa sakafu. Mtoto alikuwa amefumbua macho, anamtazama kwa utulivu, kama mkubwa anayengoja dereva aondoe motokari. Na Dorcelle, usingizini, mwili wake ukaanza kuteleza polepole juu ya godoro, kuelekea kule alikolala mtoto.