Ubatizo wa Kuazima

"Vuta kamba, Fondo, hilo kuti linalegea!"

"Nimevuta mpaka vidole vinaniuma. Nipe jingine."

Kadzo akamnyooshea kuti jingine. Fondo alikuwa juu ya ngazi akiezeka banda la wageni. Siku hiyo ilikuwa Jumatano, na Jumamosi walikuwa wafunge ndoa katika kanisa la Kadzo, hapo Msambweni.

Bi Maimuna, mwenye nyumba aliyempangisha Kadzo chumba, alikaa mkekani akishona makuti yaliyolowekwa tangu jana.

"Bwana harusi, tazama mguu wako," alisema. "Ukivunjika, Kadzo ataolewa na nani? Nimgawie mume wangu?"

"Mumeo namwogopa, anakoroma," Kadzo akajibu, wakacheka wote watatu.

Simu ya Fondo ikalia juu ya kinu.

"Tazama ni nani."

"Ni kaka yako."

"Pokea, weka spika."

Kadzo akapokea. "Shikamoo, shemeji."

"Marahaba, shemeji yangu. Harusi inakwendaje?"

"Inakwenda vizuri. Tunaezeka banda."

"Mungu awasaidie. Mwambie huyo ndugu yangu neno moja. Anirudishie kadi yangu ya ubatizo. Aliichukua mwezi wa tatu, akasema anakwenda kuitia plastiki huko Ukunda, sijaiona tena. Kanisani hapa Mackinnon Road wanataka kunifanya shemasi, na bila kadi hawaniandiki."

Juu ya ngazi, Fondo akaacha kufunga kamba.

Baba yao, Mzee Mangi, alikuwa na wake wawili. Kwa desturi yao ya Kiduruma, kila mke alimpa mwanawe wa kwanza wa kiume jina la babu. Kwa hiyo boma moja lilikuwa na Fondo Mangi wawili, mkubwa na mdogo, na hakuna aliyeona ajabu.

"Nitamwambia, shemeji," Kadzo akasema, akakata simu. Kisha akainua uso. "Shuka."

"Kadzo, nisikilize..."

"Shuka nikuone uso."

Fondo akashuka.

"Kadi uliyompa Mzee Sanga pale kanisani ili tufungishwe ndoa ni ya nani?"

"Jina ni langu."

"Sikukuuliza jina. Aliyezamishwa majini ni nani?"

"Ni kaka."

"Na wewe?"

"Mimi sijabatizwa."

Bi Maimuna akaweka kuti chini. "Subhanallah! Hata kwetu mtu hasilimu kwa shahada ya nduguye."

"Bi Maimuna, tafadhali," Fondo akasema.

"Nimenyamaza. Lakini nimesema."

Kadzo hakuinua sauti. Ingekuwa nafuu kama angepiga kelele.

"Siku ya kwanza uliponiambia unanipenda, nilikuuliza kitu kimoja. Nilikuuliza, umebatizwa? Ukaniambia, tangu ujana wangu. Nikakuamini. Wewe unajua ubatizo ulinifanya nini mimi?"

"Najua..."

"Hujui! Kule Taru, siku ya kumkumbuka babu, baba alimimina tembo la mnazi kwa koma, mizimu ya wazee wetu, akanipa kata ninywe. Nikamwambia, baba, nakuheshimu, lakini nimeshampa Yesu neno langu. Mwaka mzima, Fondo! Mwaka mzima nampa baba shikamoo haitikii. Nampelekea maji ya kuoga, anayaacha mpaka yanapoa. Nililia mpaka machozi yakanikauka. Na wewe unaona ni karatasi ya kutiwa plastiki!"

Fondo akajibu kwa hasira iliyokuwa imemkaa siku nyingi.

"Nilijaribu kuufanya uongo wangu uwe kweli! Nilijiunga na darasa la ubatizo Ukunda, nikitoka kujenga nakwenda na vumbi langu. Jumamosi saba, Kadzo. Nikauliza swali moja tu. Nikibatizwa, kaburi la babu nisilifagie tena? Mwalimu akaniambia mbele za watu, wewe hukumfuata Yesu, umefuata msichana. Wakacheka wote. Sikurudi."

"Kwa hiyo ukaiba ubatizo wa kaka yako."

"Ndiyo. Na nilipoileta kadi hapa, Mzee Sanga alinishika mkono, akaniita ndugu mpendwa! Hakuna aliyeniuliza kama ninasali. Hakuna aliyeniuliza namwamini nani. Kadi ilitosha!"

Jambo hilo la mwisho lilimuudhi Kadzo kuliko yote, kwa sababu lilikuwa kweli.

"Vaa viatu," akasema. "Tunakwenda kwa mchungaji. Utayasema haya haya."

Walimkuta Mchungaji Caroline kwenye baraza ya nyumba yake, pamoja na Mzee Sanga, mzee wa kanisa, wakipanga ibada ya Jumamosi. Fondo hakuketi. Alisema yote akiwa amesimama, hata habari ya plastiki.

Mzee Sanga akavua miwani. "Haya mambo yana wasikilizaji wangapi?"

"Bi Maimuna amesikia," Kadzo akajibu.

"Huyo si wa kanisa letu. Basi dawa ipo. Kesho asubuhi, maji yakijaa, tunamtia baharini, tunamwandikia kadi yake. Jumamosi harusi inaendelea. Wageni wamealikwa, kanisa lisiaibike."

"Bila darasa?"

"Binti yangu, darasa atasoma baada ya ndoa. Wangapi wamefanya hivyo?"

Kadzo akasimama. "Mzee Sanga, shikamoo yako naitoa na heshima yako naijua. Lakini huyu si kuti la kulowekwa leo ili kesho likunjike! Ameniongopea mimi, nimekasirika mpaka natetemeka. Na wewe unataka amuongopee Mungu, tena mbele ya kwaya!"

"Punguza sauti, watu wanapita."

"Wapite! Wakati mimi baba ananitupa, nyinyi mliniambia ubatizo ni kufa na kufufuka. Leo umekuwa ni kuoga haraka wageni wasikasirike?"

Mchungaji Caroline hakumkatiza. Alimgeukia Fondo.

"Wewe unasemaje? Ukitaka, kesho nakubatiza. Jumamosi unaoa."

Kadzo akamtazama Fondo. Alilitaka banda lake, na gauni lake lililokuwa limening'inia mlangoni. Alimtaka huyo mwanamume. Na alijua kwamba Fondo akisema ndiyo, yeye hataolewa naye.

Fondo akatikisa kichwa.

"La," akasema. "Nikiingia majini kesho, nitakuwa nimedanganya mara mbili. Mchungaji, mimi bado sijajua. Usiku ninasali, hilo ni kweli, lakini sijui nasali kwa sababu ya Yesu au kwa sababu ya Kadzo. Siku nitakapoulizwa, unamwamini? nataka nijibu mimi. Isije ikawa ni Jumamosi ndiyo inayonijibia."

Mzee Sanga akaguna. Mchungaji akafunga daftari lake.

"Na swali lako la kaburi, nani alikujibu?"

"Hakuna."

"Kufagia kaburi la babu ni heshima, lifagie. Kumwomba babu akulinde, hapo ndipo utalazimika kuchagua. Na hakuna wa kukuchagulia, wala mchumba wako. Harusi ingoje. Jumapili uje darasani, uulize yote." Kisha akasema polepole, "Na sisi tumekosa. Tuliitazama kadi, hatukukuuliza neno. Mzee Sanga, mimi na wewe tutalisema hilo mbele ya kanisa."

"Mbele ya kanisa?"

"Mbele ya kanisa, mzee wangu."

Njiani wakirudi Kadzo alitangulia. Fondo akamfuata kama hatua kumi nyuma, kisha akasema:

"Na kama mwisho wa darasa nitasema siamini?"

Kadzo akasimama. "Utaniambia ukweli. Nitalia. Na sitaolewa na wewe."

"Na nikiamini?"

"Hapo tutazungumza. Leo bado nina hasira, usiniguse mkono."

"Wageni tutawaambia nini? Mzee Sanga ameninong'oneza tulipoaga, tuseme ninaumwa."

"Unaumwa nini? Utawapigia mwenyewe, mmoja mmoja, na utasema kwa nini."

Walipofika nyumbani wakakaa mkekani pamoja na Bi Maimuna. Kadzo akashika karatasi ya majina, Fondo akashika simu. Wa kwanza alikuwa kaka yake. Fondo mkubwa alisikiliza mpaka mwisho, kisha akakata simu bila kuaga. Wa pili alikuwa shangazi yao, Mbodze.

"Harusi imeahirishwa? Kwa nini, mwanangu?"

"Nilidanganya, shangazi. Nilitumia kadi ya kaka."

"Ewe! Uso wako huo wa upole, kumbe mwizi! Na mbuzi niliyemfunga hapa?"

"Mfungue, shangazi."

"Nimfungue! Ameshajua kwamba atakufa, hanitazami!"

Bi Maimuna akacheka mpaka akajifunika uso kwa mtandio. Kadzo akajikaza, akashindwa, naye akacheka, kisha machozi yakamtoka papo hapo. Fondo akanyoosha mkono, akakumbuka, akaurudisha.

"Jina linalofuata," Kadzo akasema akijifuta. "Ni Mjomba Tsofa. Yeye ni mkali."

Mjomba Tsofa alikuwa mkali. Aliyefuata alicheka. Mwingine alisema hata yeye alibatizwa ili aoe, na akauliza kama kwa ajili hiyo ndoa yake ni haramu. Fondo akamwambia hajui, aje naye darasani.

Adhana ya magharibi ikasikika. Bi Maimuna akainuka kwenda kutawadha. Ujumbe ukaingia, ukitoka Mackinnon Road. Fondo akausoma kwa sauti:

"Nimekasirika sana. Kadi yangu niletee wewe mwenyewe, usiitume kwa mtu. Yako utaitafuta. Siku ukiipata kweli nitakuja kusimama pale ufukweni nikuone unaingia majini."

Kadzo akaichukua simu, akausoma ujumbe tena mwenyewe. Kisha akaitazama karatasi.

"Anayefuata ni baba yangu."

Fondo akaanza kuitafuta namba.

"Hapana. Baba si wa simu. Kesho tutakwenda Taru, utamwambia uso kwa uso. Utamwambia umeshindwa kufanya lile ambalo mimi nililifanya akanitupa."

"Atanipokea?"

"Sijui. Kuanza kuniitikia salamu tu ilimchukua mwaka."

"Nitaanzaje?"

"Anza na shikamoo," Kadzo akasema. "Kisha ungoje."

Akaikunja karatasi. Majina tisa yalikuwa bado.