Baraza Lililokunywa Kahawa ya Marhoon

Jamaa zangu, sikilizeni, na mwenye cheo asikilize zaidi.

Mwaka 1966 Suud alikuwa ndiyo kwanza ametulia Maskati na mkewe Sayyida na binti yao Aliya, baada ya kuihama Unguja. Jioni walikaa uani, mtoto akicheza, mkate wa kumimina ukinukia jikoni. Hata siku moja Sayyida akanusa mtungi wa maji.

"Baba Aliya, maji haya yananuka. Nna khofu na mtoto. We si mjumbe? Muulize Marhoon."

Marhoon alikuwa msimamizi wa kisima cha mtaa. Wajumbe watano wa baraza la mtaa waliwekwa kumchunguza, Suud akiwa mmoja wao. Lakini kila Ijumaa Marhoon aliwakaribisha kwa kahawa na halua, nao wakarudi makwao wakimsifu. Kisima hawakukichungulia. Wajumbe gani hao!

Ijumaa ile Suud akaenda. Akapewa finjani ya kahawa, akainywa kwa adabu za kwao Unguja, kisha akataka kusema. Mzee Thani, mjumbe mwenzake, akamfinya.

"Ushakunywa, khalas, yamekwisha. Hapa mwenye neno huiweka finjani chini, haigusi mpaka ajibiwe. Ngoja Ijumaa ijayo, usimwaibishe mwenye nyumba."

Suud akaona haya, akanyamaza. Haya hiyo naichukia mpaka leo.

Katikati ya wiki Aliya akashikwa na homa, akaharisha mpaka akaishiwa nguvu.

"Nenda kamuulize sasa hivi!" Sayyida akalia.

"Ijumaa si mbali," Suud akajibu.

Alhamisi walimzika mtoto.

Ijumaa Suud akaiweka finjani chini.

"Kunywa, sheikh," Marhoon akasema.

"Sinywi. Twende kisimani."

Wakaenda. Kifuniko kilikuwa kimeoza, na ndani mlikuwa na paka aliyekufa. Marhoon akavuliwa usimamizi palepale, kisima kikasafishwa.

Suud akarudi kumwambia mkewe. Sayyida alikuwa akikunja nguo za mtoto.

"Alhamdulillahi," akasema bila kumtazama. "Watapona watoto wa wenzetu."

FUNZO

Mjumbe, awe wa mtaa au wa bunge la nchi, hakuwekwa kumpendeza mwenye madaraka. Amewekwa amuulize, tena akatazame kwa macho yake. Adabu ni njema, lakini adabu inayomfunga kinywa mwenye dhamana huua. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Suud ukuta aliujenga, mtoto hakumpata.