Mabomba Saba ya Daraja la 400

Saa moja na dakika arobaini asubuhi, Jumatatu ya tarehe 21 Februari, bomba lilipasuka kwenye chumba cha kusafishia metali katika karakana ya Birchfall, mjini Sudbury. Asidi ya hidrofloriki, ile inayotafuna hata kioo, ilimrukia fundi Lucien Desrosiers mikononi na kifuani. Wenzake walimburuta hadi kwenye bomba la maji, wakamvua nguo, wakampaka dawa ya kalsiamu ya kuzimua asidi hiyo, iliyotundikwa ukutani. Ambulensi ilipoondoka naye, alikuwa bado anapumua.

Aune Rintala alifika saa tatu na robo. Alikuwa mama wa miaka sitini na moja, mfupi, mwenye buti za manyoya. Miaka thelathini alikuwa ameitumia kwenye maabara za nikeli za mji huo, na sasa polisi walimwita kila metali ilipomdhuru mtu. Sajini Yvon Charlebois alimpokea mlangoni.

"Bi Rintala, hili bomba lina siku kumi na mbili tu tangu lifungwe. Siku kumi na mbili!"

Aune aliinama, akalitazama tundu. Kingo zake zilikuwa zimeliwa zikawa nyembamba kama karatasi. Ubavuni palikuwa na muhuri: daraja la 400, pamoja na namba ya fungu lililotoka kiwandani.

"Daraja la 400 ni nikeli theluthi mbili, na sehemu kubwa ya iliyobaki ni shaba," alisema. "Asidi hii ingekaa humo miaka na miaka. Hii siyo 400, Sajini. Muhuri unasema uongo."

Kipimo chake cha mkononi kilimuunga mkono: chuma, kromiamu, nikeli kidogo, shaba karibu hakuna. Stenlesi, ya aina ile ya masinki ya jikoni.

Mkuu wa ukaguzi, Percy Haldane, mzee mrefu aliyevaa tai hata karakanani, alisimama nyuma yao akiwa amepauka. "Mabomba saba yaliingia tarehe tatu," alisema. "Moja Lucien alilifunga hapa. Sita yako rafuni, yanamsubiri mteja."

Aune aliyapima yote sita. Stenlesi, yote, na kila moja lilikuwa na muhuri wa 400.

"Basi muuzaji katuuzia mbuzi kwenye gunia," Haldane alisema, akafungua daftari la ukaguzi. Maandishi yake yalikuwa safi: *3 Februari, saa mbili asubuhi, uwanjani, nyuzi 29 chini ya sifuri. Sumaku haikushika bomba hata moja. Yamekubaliwa.* "Kosa langu ni kuamini sumaku. Haishiki 400, lakini kumbe stenlesi nayo haiishiki. Ningejuaje?"

"Ulipima mwenyewe?"

"Kwa mkono wangu. Miaka ishirini na sita sijawahi kumtuma mtu."

Aune aliusoma ukurasa ule mara mbili, akamrudishia daftari.

Aliyeyashusha mabomba siku ile alikuwa Wasyl Hnatiuk, mchomeleaji mwenye mabega kama mlango na mdomo usio na breki. Kila mtu karakanani alijua kuwa yeye na Lucien hawakuwa wakisalimiana tangu Lucien apewe usimamizi wa zamu.

"Ndiyo, tuligombana," Wasyl alisema kabla hajaulizwa. "Nilimwambia ana kichwa cha kabichi. Sasa mtu akiitwa kabichi ndiyo anamwagiwa asidi?"

"Tuambie ya tarehe tatu," Aune alisema.

"Baridi ya kukata masikio. Nilishusha mabomba, tochi yangu hii ina sumaku nyuma, nikaibandika kwenye bomba nisome makaratasi. Ikanata. Basi."

Sajini alimkazia macho. "Ilinata? Nenda pale rafuni uibandike."

Wasyl alikwenda. Tochi iliteleza, ikaanguka sakafuni. Akajaribu bomba la pili. Ikaanguka tena.

"Lakini ilinata, jamani!" alisema. "Mimi siyo mwehu!"

"Wewe ni mwongo," Sajini alisema.

Saa tano na nusu, polisi waliotumwa kupekua mali za Wasyl walileta jipya. Kwenye kibanda cha Wasyl cha kuvulia samaki, juu ya barafu ya ziwa, walikuta vipande kumi na vinne vya bomba vilivyotumika kama uzito, kibanda kisipeperushwe na upepo. Muhuri wa muuzaji, uliogongwa kwenye metali, ulikuwa bado unasomeka: daraja la 400, namba ile ile ya fungu. Sajini alitoa pingu.

"Mwizi wetu huyu hapa. Kaiba nikeli, kaweka stenlesi."

"Nilipewa!" Wasyl alifoka. "Vilikuwa kwenye pipa la takataka! Haldane mwenyewe alisema chukua, havina kazi!"

"Sikumbuki maneno hayo," Haldane alisema taratibu.

Aune alikuwa amekwisha kuchuchumaa kando ya vile vipande walivyovileta polisi, bado vimeganda theluji. Alichukua nyundo, akapiga kimoja. Kilikatika kama biskuti kavu. Mahali kilipovunjika palikuwa peusi, pamejaa nyufa.

"Sajini, rudisha pingu mfukoni," alisema. "Na mniletee kikombe cha chai ya moto. Sukari msitie."

Walikusanyika kuzunguka meza ya fundi: Sajini, Wasyl, Haldane. Aune aliazima tochi ya Wasyl, akaigusisha kwenye kipande kidogo kilichokatika, bado cha baridi. Ikanata. Akakitumbukiza kipande kwenye chai, akahesabu hadi sitini, akakitoa na kuigusisha tena. Tochi iliteleza.

"Mungu wangu," Wasyl alisema.

"Daraja la 400 ndivyo lilivyo," Aune alisema. "Likipata joto, sumaku hailioni. Kwenye baridi ya Februari, inalishika. Kwa hiyo tochi ya Wasyl ilipata ukweli: mabomba yaliyoshushwa tarehe tatu yalikuwa halali. Muuzaji alileta metali sahihi." Alimgeukia Haldane. "Ila wewe, bwana, umeandika kwamba nyuzi 29 chini ya sifuri sumaku haikushika hata moja. Haiwezekani. Hukupima siku ile. Uliandika baadaye, humu ndani, ukiwa na stenlesi mbele yako."

"Ningeiba ili iweje?" Haldane alisema. "Nina kila kitu."

"Hujaiba. Hakuna aliyeiba. Mwizi hachukui bomba lililovunjikavunjika. Haya yaliingizwa tanurini yakiwa na grisi. Grisi ina salfa, na nikeli iliyochomwa pamoja na salfa inaoza kwa ndani. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anajua: futa kwanza, ndipo uchome. Chai ilipokuwa ikichemka nilitazama chati ya tanuri la humu: liliwashwa Jumapili, tarehe sita. Na kitabu cha mlinzi kina jina moja tu siku hiyo, lako."

Haldane alilegeza tai. Akavuta kiti.

"Yalikuja magumu kuliko tulivyoagiza," alisema. "Nikataka kuyalainisha mwenyewe kwa moto, mteja asijue tumechelewa. Niliharakisha. Sikuyafuta. Yalipotoka, moja lilipasuka mkononi mwangu." Alijifuta midomo. "Miezi miwili nistaafu. Walikuwa wanaandaa kibao chenye jina langu: miaka ishirini na sita bila kosa. Nikachukua stenlesi ya kipimo kile kile, nikaipiga muhuri. Niliagiza mengine kimyakimya, yafike wiki hii, niyabadilishe."

"Na lile la chumba cha asidi?"

"Lucien alilichukua rafuni, akalifunga nikiwa kwenye mkutano. Niliporudi lilikuwa limejaa asidi. Kulitoa ilikuwa ni kusema yote. Nikasema moyoni, siku chache litavumilia."

"Ulipita mbele ya bomba lile kila asubuhi," Wasyl alisema. Hakufoka safari hii. "Ukamwambia Lucien habari za asubuhi, ukaenda zako. Na mimi ukaniacha nivishwe pingu."

Haldane alilifunga daftari la ukaguzi.

Saa saba kasoro dakika kumi simu ya Sajini ililia. Alisikiliza, akaifunga. "Hospitali. Mkono wa kushoto wanauhofia. Moyo umetulia. Ataishi."

Wasyl alipiga ishara ya msalaba, akachukua koti. "Nakwenda kumwona yule kabichi," alisema, akatoka akiwa anafuta macho kwa kiganja.

Haldane aliinuka. "Sajini, nipe dakika tano. Kuna kazi ya ukaguzi sijaimaliza."

Sajini alimtazama Aune, naye akaitikia kwa kichwa. Mzee alichukua kopo la rangi nyekundu na brashi, akaenda rafuni. Aliukata muhuri wa kila bomba kwa mstari, na chini yake akaandika kwa herufi kubwa: HALIFAI. Alipomaliza la sita alitia sahihi na tarehe, akafunika kopo, kisha akamnyooshea Sajini mikono yake miwili.