Jiwe Juu ya Jiwe

Wewe unayesoma, umewahi kufika mahali ambapo hajakanyaga mtu, ukakuta umeshawekewa njia?

Kijana mmoja alifika. Walimwita Digrii kwa kejeli, maana alikuwa nayo, ya miamba, na bado alilala sebuleni kwa dada yake, chini ya cheti kilichotiwa fremu. Kila ofisi ilimtaka alete uzoefu. Auokote wapi, jalalani? Mwisho kampuni moja ya kutembeza watalii ikampa internship, yaani kazi isiyo na mshahara ila ina fulana.

Mkurugenzi wa kampuni hiyo hajawahi kutembea zaidi ya kutoka kwenye gari hadi kwenye lifti. Ndiye aliyeliona korongo kwenye ramani, ndani kabisa ya jangwa, mbali na njia zote, akasema wateja wa siku hizi njia zimewachosha, wanataka wild, pori ambalo halijaguswa. Digrii na mwongozaji wakatangulie. Waweke alama za mawe, jiwe juu ya jiwe, dogo kileleni, kisha waziache zimesimama, zinapendeza kwenye picha.

Mwongozaji alikuwa mume wa dada yake Digrii. Alikataa. Waongozaji wa jangwa lile huweka alama wakiingia, na wakitoka, anayetembea wa mwisho huipiga teke kila moja ianguke. Alama iliyoachwa ni mlango ulioachwa wazi, na korongoni, alisema, kuna wenyewe. Mkurugenzi akacheka. Akamwambia kama kazi imemshinda aseme tu, vijana wenye vyeti wamejaa getini. Nyumbani mke alikuwa mjamzito, tumbo limeshashuka. Shemeji akafunga begi la mgongoni.

Dada alimvuta Digrii pembeni ya mlango. "Mdogo wangu, umekula na kulala hapa, sijakuomba kitu. Leo nakuomba. Huyu umrudishe."

Asubuhi ilikwenda vizuri. Kuta nyekundu, mchanga laini, anga limebaki utepe. Shemeji alichagua mawe, Digrii akapanga.

"Hatimaye digrii ya mawe imepata kazi ya mawe," Shemeji alisema, wakacheka hadi korongo likacheka nao. Wao walinyamaza. Korongo likachelewa kidogo kunyamaza.

Walipokata kona, alama ilikuwa mbele yao. Imesimama, dogo kileleni. Digrii aligusa lile jiwe la juu. Korongo lilikuwa kavu kama mfupa, lakini jiwe lilikuwa na unyevu wa vuguvugu, kama limetemwa sasa hivi.

"Umepita hapa wewe?" Shemeji aliuliza kwa sauti ya chini.

"Nipite saa ngapi, shemeji, na niko nyuma yako?"

Wakageuka, jua likiwa utosini. Shemeji alimtanguliza Digrii, yeye akashika nafasi ya mwisho, ya kubomoa. Digrii akawa anasikia teke, mawe yakimwagika, teke, mawe yakimwagika, na sauti hiyo ikampa moyo, mpaka alipogundua kwamba baada ya kila mmwagiko kulikuwa na mlio mwingine, mdogo, wa taratibu: tak, jiwe likikalishwa juu ya jiwe. Ikaja harufu ya maziwa yaliyoungulia sufuriani. Wakafika penye njia panda, na pale walipokuwa wameweka alama moja sasa kila mdomo wa korongo ulikuwa na yake, zote sawa, zote zimelowa, na Digrii akapiga magoti kusoma mchanga, jinsi maji ya zamani yalivyoulaza kuelekea njia ya kutokea, akachagua upande, akakimbia huku anaita shemeji, shemeji, na sauti ikimjibu kutoka nyuma, karibu, bila kuhema hata kidogo kama ya mtu aliyekaa kitini: "Tangulia, Digrii. Niko nyuma yako."

Nje ya korongo akageuka.

Hakukuwa na mtu. Kulikuwa na alama, moja katika kila unyayo wake, mstari mrefu unaotoka gizani mle, na ya mwisho kisiginoni pake. Mahali pa jiwe dogo palikuwa na kofia ya shemeji, imelowa.

Kampuni imeandika kuwa mwongozaji aliacha kazi bila taarifa. Dada amejifungua. Siku ya kumleta mtoto nyumbani, alama ilikuwa getini. Kisha kibarazani. Mganga aliyeitwa alichungulia kwa mbali, akasema amesahau mkoba, na mpaka leo anautafuta. Asubuhi hii alama ilikuwa ubavuni mwa kitanda cha mtoto, na chumba kizima kinanuka maziwa yaliyoungua. Dada anamtazama tu mdogo wake.

Na safari bado inauzwa. Picha ya korongo inaning'inia kwenye ofisi ya vioo ya Mkurugenzi, alama zimepangwa vizuri kweli.

Sasa wewe Mkurugenzi, usitume rambirambi, na usitume intern mwingine. Toa hiyo picha, futa hiyo safari. Kisha vaa viatu vyako vya ofisini, uingie mwenyewe, utembee wa mwisho, upige teke kila alama uliyoamuru iachwe, na usitoke mle bila mume wa mtu.