Aliyeonja Glasi ya Mkwe

"Usijimiminie!" Dong-hyun alinong'ona, huku akimkanyaga Genoveva mguu chini ya meza.

Genoveva akairudisha chupa ya soju, pombe kali ya Kikorea, taratibu, kama aliyekuwa anaisogeza tu. Kumbe kwa Wakorea mtu hajijazii glasi. Jirani yako ndiye macho yako. Akiona imekauka, anakujazia. Binti wa Kibosho akaupenda utaratibu huo palepale. Mezani pale hasahauliki mtu.

Walikuwa kwenye mgahawa wa mtaa wa Bloor, huko ughaibuni, nyama ikichomwa katikati ya meza. Mbele yake alikaa Mzee Kang, baba yake Dong-hyun. Miaka miwili alikataa kumwona Genoveva. Leo kakubali, na mchana Dong-hyun alimwandikia Genoveva kwenye simu: "Utammiminia baba, kwa mikono miwili. Akinywa, ndoa ipo. Akiiacha mezani, mpenzi, sina la kufanya."

"Haya," mzee akasema. "Nimiminie."

Genoveva akamimina kwa mikono miwili, hata tone halikumwagika. Sasa mazoea yana taabu! Akainua glasi ya mzee, akapiga funda, akafuta ukingo kwa kidole, ndipo akampa.

Mama Dong-hyun akaangusha vijiti vya kulia.

"Geno! Umefanya nini?" Dong-hyun akamaka.

"Umekunywa kabla yangu?" mzee akauliza. "Kwenye glasi yangu?"

Simu ikatetemeka mkobani. Brightness, shoga yake wa St. James Town: "Vipi shosti, kanywa?"

Genoveva akausukuma mkoba chini ya kiti.

"Nisamehe baba. Kwetu Uchagani bibi yangu alikuwa anapika mbege, pombe ya ndizi. Hampi mtu kata mpaka aionje yeye. Usipoonja, watu wanauliza umeweka nini humo. Nimeonja ili kama kuna sumu, nitangulie mimi."

Nyama ikaanza kuungua, hakuna aliyeigeuza.

"Ufe wewe kwanza?"

"Ndiyo, baba."

Mzee akamgeukia mwanawe.

"Na wewe, miaka yote hii unanimiminia. Umewahi kuonja?"

"Hapana, baba."

"Kumbe ulitaka nife!"

Mama ndiye aliyeanza kucheka. Mzee akainywa yote, akaigeuza glasi juu chini. Kavu.

"Marehemu baba akimpenda mtu," akasema, sauti imelegea, "alikunywa, kisha akampa glasi ileile. Glasi moja, watu wawili. Vijana mmeacha. Leo kanikumbusha mgeni."

Akampa Genoveva glasi ileile, akaijaza. Kwa mikono miwili! Mzee mzima, kwa msichana! Dong-hyun akainama kuficha machozi.

Genoveva akageuza uso pembeni, kama mdogo anavyokunywa mbele ya mkubwa, akaimaliza.

Simu tena: "Wewe! Kanywa au hajanywa?"

Akaandika chini ya meza: "Kanywa. Sasa yangu imekauka, nasubiri mkwe anijazie."

Alipoinua macho, mkono wa mzee ulishafika kwenye chupa.