Mashua ya Vigo Yataka Watu Wawili

Swalha aliukamata mjora upande huu, mwanamume akaukamata upande ule, na muuzaji akawatazama kwa furaha ya mtu anayeona bei ikipanda yenyewe.

"Kaka, niachie. Mimi ndiye niliyeuona mwanzo," alisema Swalha kwa Kiswahili, maana kofia ya yule bwana ilikuwa ya kwao.

"Dada yangu, hiki hakishoneki dera. Ni kitambaa cha tanga."

"Na mashua utaipandia wapi, huku China, humu sokoni Zhongda?"

"Iko Vigo, Uhispania."

Swalha, mfanyabiashara wa Unguja, alivaa baibui jeusi na raba nyeupe zilizokwisha kuwa kijivu kwa vumbi la soko. Alicheka mpaka akauachia mjora. Wiki haikupita, alikuwa amempenda bwana yule, Marijani, baharia wa Tanga aliyeacha meli akawa anafungasha mizigo ya Watanzania kwenye makontena. Mimi simlaumu. Mwanamume anayekuchekesha ugenini ni hatari kuliko mwenye sura nzuri.

Mzee Duarte, mwenye mashua, alitaka watu wawili waishushe kutoka Vigo hadi Cádiz, kusini. Marijani akaitandaza ramani juu ya meza ya Hafidha, aliyekaa chumba kimoja na Swalha huko mtaa wa Sanyuanli.

"Hapa Porto, hapa Lisboni. Asubuhi ukungu, hata mkono wako huuoni. Mchana upepo wa kaskazini unatusukuma. Kwenye rasi hii unageuka mkali, na mitego ya wavuvi imejaa."

"Na mimi nafanya nini, habibi?"

"Unashika usukani nikilala."

"Unanitongoza au unaniajiri?"

"Yote mawili, mpenzi. Mshahara mdogo, mapenzi mengi."

Pasipoti wakampa wakala awaombee viza za Uhispania, jina lake Protas. Ndiyo ilikuwa desturi ya wafanyabiashara wa pale: pasipoti kwa wakala, wewe unatembea na nakala. Ya Marijani ilihitaji pia kuongezwa muda wa kukaa China, lakini alikataa ipelekwe kwanza uhamiaji peke yake. Alitaka zote mbili ziende ubalozi wa Uhispania katika bahasha moja, waonekane hawatengani.

Mwaka huo wa 2009 msako wa wageni ukapamba moto. Polisi wakawa hawataki nakala tena. Protas akafunga ofisi, simu akazima. Marijani akapanda treni kumfuata Yiwu, mji aliokimbilia, na yeye simu yake ikazimika.

"Baharia kaondoka na wakala ana pasipoti yako," alisema Hafidha. "Wale lao moja. Umelizwa, shoga yangu."

Siku ya kwanza Swalha alimtetea. Siku ya tatu alilia bafuni bomba likiwa wazi.

Siku ya nne asubuhi Hafidha alikuwa sokoni. Swalha akasikia milango ikigongwa ghorofa ya kwanza, kisha ya pili. Mtu alipiga kelele, akanyamazishwa. Simu ikaita, namba ngeni.

"Swalha, niko chini ya jengo lenu. Nilipoteza simu. Protas nimempata, pasipoti ninazo. Viza za Uhispania zimetoka zote mbili."

"Usipande. Polisi wako ngazini."

"Muda wako wa kukaa bado upo. Ukiwa na pasipoti hawakugusi."

"Na wako?"

"Umekwisha jana. Protas aliikalia."

"Basi ondoka, Marijani. Nakuomba. Safari yote itakufa."

Simu ilikatika. Mlango ukagongwa. Swalha alifungua, akatoa nakala, na askari akatikisa kichwa: "Bu xing." Haifai. Alikuwa amekwisha kumshika Swalha mkono, ndipo Marijani akatokea ngazini, shati limemganda mgongoni, akanyoosha pasipoti ya Swalha kwanza. Walipomdai ya kwake, akaitoa.

Askari wakamrudishia Swalha ya kwake. Ya Marijani ikaingia mfukoni mwao.

"Nilikudhania vibaya," alisema Swalha.

"Nilijua ungenidhania. Nenda Vigo. Duarte atakutafutia mwenzako."

"Sikukubali kushika usukani ili mtu mwingine alale."

Wakamteremsha. Kwenye kona ya ngazi aligeuka, wakamsukuma.

Jioni Duarte alipiga simu, naye Swalha akamwambia kwa Kiingereza chake cha sokoni kuwa Marijani haji. Nyuma ya sauti ya mzee zilisikika kamba zikigonga mlingoti.

"Upepo ni mzuri. Umepata viza?"

"Nimepata."

"Basi njoo. Nahodha nitapata mwingine hapa hapa."

Swalha aliutazama ukurasa wenye viza, akaufunga.

"Mpe mwingine mashua, mzee," alisema. "Mume wangu wamemfunga."

Hakuna aliyekuwa amemposa bado.